Kaunta ya jikoni: Usinunue jiwe kwa kutazama mng'aro wake tu

MTU anayekarabati chumba cha kupikia katika miji ya Migori, Rongo, Homa Bay au Mbita hukabiliwa na swali moja mapema kuliko anavyotarajia: kaunta iwe ya nini?

Zamani swali hilo halikuwa gumu. Nyumba nyingi za kudumu zilijengewa slabu ya zege iliyolainishwa kwa saruji, na mwenye uwezo zaidi akaongeza vigae au teraso. Siku hizi mnunuzi huonyeshwa granaiti nyeusi, marumaru nyeupe, mawe yaliyotengenezwa kiwandani, mbao zilizobandikwa fomika na mabamba ya chuma cha pua.

Wingi huo wa bidhaa umeleta uhuru, lakini pia umeleta hasara. Wengi huchagua kwa macho. Huona jiwe linalong'aa chini ya taa za dukani, huuliza bei na kulipa, kisha hugundua miezi michache baadaye kwamba halifai kazi inayofanyika jikoni mwao.

Hasara ya kaunta si sawa na ya kiti au sufuria. Jiwe likishakatwa kwa vipimo vya chumba kimoja, na nafasi ya sinki ikishatobolewa, ni vigumu kulitumia kwingine, na mwenye duka hana sababu ya kulipokea tena. Aliyechukua mkopo wa chama cha akiba ili akarabati nyumba ataendelea kuulipa huku akitazama doa lisilotoka.

Kwa hivyo, kabla ya kuuliza bei, ni vyema mwenye nyumba ajiulize: chumba hiki hufanyiwa kazi gani?

Kazi kwanza, jiwe baadaye

Katika kaunti hizi mbili zinazopakana na Ziwa Victoria, sehemu kubwa ya jibu ni samaki. Mbuta na ngege huparuliwa magamba, hupasuliwa na kukatwa vipande. Omena huoshwa kwa maji mengi. Ndimu hukamuliwa, nyanya hukatwa na mafuta ya kukaangia huruka huku na huko. Sufuria ya ugali huepuliwa ikiwa moto na kuwekwa popote penye nafasi.

Kutokana na shughuli hizo, kaunta hupimwa kwa mambo matano: joto, asidi, makali ya kisu, unyevu wa maji na mafuta, na uzito wake yenyewe. Hakuna bidhaa inayofaulu katika yote matano. Kuchagua ni kuamua ni udhaifu upi unaoweza kuvumiliwa katika nyumba husika.

Kuchagua jiwe kwa kuzingatia kazi si jambo geni katika eneo hili. Huko Nyayanga, katika Rasi ya Homa, watafiti walichimbua zana za mawe pamoja na mifupa ya viboko yenye alama za kukatwa. Matokeo yao, yaliyochapishwa katika jarida la Science mwaka 2023, yalikadiria kuwa zana hizo zilitumika kati ya miaka milioni 2.6 na milioni 3 iliyopita.

Utafiti uliofuata mwaka 2025 ulieleza kwamba baadhi ya mawe hayo yalibebwa kutoka umbali wa hadi kilomita 13, kwani mengi ya karibu yalikuwa laini mno. Waliotayarisha chakula hapo walitaka jiwe linaloimudu kazi, hata kama lilipatikana mbali.

Granaiti, marumaru na jiwe la kiwandani

Granaiti huundwa ardhini kutokana na miamba iliyoyeyuka na kupoa polepole. Ni ngumu kuliko chuma cha kisu, haiharibiwi na ndimu, na huvumilia sufuria ya moto. Kwa jiko la samaki na ugali, sifa hizo ni kubwa.

Udhaifu wake ni vinyweleo. Granaiti yenye rangi hafifu inaweza kufyonza mafuta na kubaki na madoa meusi. Ndiyo sababu hupakwa dawa ya kuziba vinyweleo inapowekwa, na kupakwa tena kadiri inavyochakaa. Mnunuzi anaweza kuipima mwenyewe: adondoshe maji juu ya jiwe na kungoja dakika kumi. Yakiacha kivuli cheusi, jiwe hilo linahitaji kuzibwa.

Granaiti nyeusi inahitaji uangalifu wa aina nyingine, kwa maana mawe mengine ya kijivu hutiwa rangi yaonekane meusi. Kitambaa cheupe kilicholowa dawa ya kuondolea rangi ya kucha kikisuguliwa juu yake na kutoka na weusi, rangi hiyo si ya jiwe lenyewe.

Marumaru ni jiwe la namna tofauti kabisa. Asili yake ni chokaa, na chokaa haipatani na asidi. Tone la ndimu, siki au nyanya likikaa juu yake hula ule ulaini na kuacha alama isiyong'aa. Alama hiyo si uchafu, hivyo hakuna sabuni itakayoiondoa. Pia ni laini kuliko kisu. Marumaru inafaa zaidi sebuleni au bafuni kuliko mahali panapooshewa samaki.

Anayenunua ng'ambo ya mpaka wa Isebania hana budi kueleza anachotaka, kwa kuwa upande wa Tanzania watu wengi huita vigae vya sakafuni marumaru. Asipofafanua, atatajiwa bei ya kitu kingine.

Jiwe la kiwandani, ambalo wauzaji huliita kwatsi, hutengenezwa kwa chembe za mawe zilizoshikanishwa kwa gundi ya plastiki. Halifyonzi mafuta wala halihitaji dawa ya kuziba. Lakini gundi hiyo haistahimili joto kali. Huweza kuharibika joto likifikia kiasi cha nyuzi 150. Mafuta ya kukaangia samaki hufikia nyuzi 180 hivi. Karai ikitolewa motoni na kuwekwa juu ya jiwe hilo mara moja tu, inaweza kuacha alama ya kudumu.

Teraso, vigae, mbao na chuma

Teraso ni mchanganyiko wa saruji na vipande vidogo vya mawe, humwagwa papo hapo kisha husuguliwa kwa mashine hadi ung'ae. Fundi wa mtaani anaweza kuutengeneza na, muhimu zaidi, anaweza kuurekebisha. Ubaya wake ni kwamba saruji, na mara nyingi vile vipande vyenyewe, huliwa na asidi kama marumaru. Anayetumia teraso hana budi kukatia ndimu juu ya ubao na kupangusa upesi.

Vigae vina uso mgumu usiodhuriwa na joto wala asidi. Tatizo lao liko kwenye maungio. Damu na mafuta ya samaki hupenya humo, na harufu hubaki hata baada ya kuosha. Dawa yake ni kutumia vigae vikubwa ili maungio yawe machache, na kuyajaza kwa grauti ya epoksi badala ya ile ya saruji. Vigae vyepesi vya ukutani visitumike, kwani hupasuka kitu kizito kikiangukia juu.

Fomika iliyobandikwa juu ya mbao za vumbi au MDF ni nyepesi na ya bei nafuu. Adui yake ni maji. Yakipenya kwenye kingo zilizokatwa kando ya sinki, ubao huvimba na haurudi ulivyokuwa. Nayo sufuria ya moto huiunguza fomika. Ikiwa ni lazima itumike, basi kingo zote, hata zisizoonekana, zizibwe kabla sinki halijawekwa.

Mbao ngumu kama mvule hupendeza na hazigongi vyombo. Hata hivyo huhitaji kupakwa mafuta mara kwa mara. Mahali pake ni ile sehemu kavu ya kukatia mboga au kukandia unga, mbali na sinki.

Chuma cha pua ndicho huonekana katika jikoni za hoteli na vibanda vya samaki. Hakifyonzi kitu, hakidhuriwi na ndimu wala joto la sufuria, na huoshwa kwa urahisi. Huchubuka, hupiga kelele, na bamba jembamba hubonyea lisipowekewa ubao chini yake. Anayeuza chakula na kuosha samaki kutwa nzima hatapata kilicho bora zaidi.

Jiwe la jirani

Kuna jiwe moja ambalo wakazi wa Rongo wanalipita kila siku bila kulifikiria. Ni lile la Tabaka, Kaunti ya Kisii, ambalo ulimwengu hulijua kama jiwe la Kisii au jiwe la sabuni. Wachongaji wa huko hulitengenezea vinyago, bakuli na vinara vya mishumaa. Sanamu ya Elkana Ong'esa, msanii wa Tabaka, imewekwa katika makao makuu ya UNESCO jijini Paris.

Nchini Marekani na Finland, mawe ya jamii hiyo yametumika kwa miaka mingi kutengenezea sinki, kaunta na majiko, kwa kuwa hustahimili joto na hayadhuriwi na asidi. Je, la Tabaka nalo linafaa?

Jibu ni ndiyo, lakini kwa masharti. Jiwe hilo ni laini. Hukatwa kwa msumeno wa mkono na kulainishwa kwa msasa na maji. Kisu na panga vitalichora. Jambo jema ni kwamba michoro hiyo huondolewa kwa msasa uleule na jiwe likapakwa mafuta upya. Aidha, miamba ya Tabaka hutofautiana kwa rangi na ugumu, hivyo mnunuzi apime kipande cha jiwe lilelile atakalouziwa.

Changamoto nyingine ni kwamba machimbo hayo yamezoea kutoa vipande vya kuchonga, si mabamba marefu yenye unene ulio sawa. Anayelitaka anaweza kulitumia kwa sehemu fupi, kama ubao wa kukandia unga au pembe ya kuwekea sufuria za moto, badala ya kaunta nzima.

Kilicho chini ndicho hubeba

Kaunta ya kawaida yenye urefu wa mita 3 na upana wa sentimita 60 ina eneo la mita za mraba 1.8. Ikiwa ni ya granaiti yenye unene wa milimita 20, itakuwa na uzito wa karibu kilo 97. Ikiwa ni slabu ya zege yenye unene wa sentimita 7.5, uzito utazidi kilo 320. Ubao wa vumbi wa milimita 18 hauzidi sana kilo 23.

Tofauti hiyo huamua kitakachojengwa chini. Kabati jepesi la MDF lililotengenezewa fomika lisibebeshwe granaiti bila kuongezewa nguzo au fremu ya chuma. Sehemu dhaifu zaidi ni vile vipande vyembamba mbele na nyuma ya sinki. Mahali hapo ndipo mawe mengi hupasuka, hivyo pawekewe mhimili. Jiwe la milimita 20 likijitokeza nje kwa zaidi ya sentimita 15 nalo linahitaji kushikiliwa.

Udongo pia una neno. Katika nyanda za chini za Homa Bay, yakiwemo maeneo ya Lambwe, kuna udongo mweusi unaovimba wakati wa mvua na kupasuka wakati wa kiangazi. Nyumba isiyo na msingi wa kutosha husogea, na jiwe refu lisilopinda hupasuka au kuachana na ukuta. Nyufa zikionekana tayari ukutani, fedha za kaunta zitumike kwanza kuchunguza msingi.

Yeyote anayetilia shaka umuhimu wa uwekaji anaweza kuzuru Thimlich Ohinga, kaskazini-magharibi mwa mji wa Migori. Kuta hizo za mawe, zinazokadiriwa kujengwa katika karne ya 16, ziliorodheshwa na UNESCO kuwa Urithi wa Dunia mwaka 2018. Hazikutiwa hata chembe ya saruji. Zimesimama kwa sababu kila jiwe lilikaa ipasavyo juu ya jingine.

Urefu wa kaunta nao huamuliwa na mpishi. Kipimo kilichozoeleka ni sentimita 90 kutoka sakafuni. Kwa kukatakata, uso wa kaunta ufae kuwa sentimita 10 hadi 15 chini ya kiwiko cha anayeitumia. Kusonga ugali huhitaji nguvu za mabega, hivyo mahali pa meko pawe chini zaidi. Fundi apime akiwa na mpishi mbele yake.

Vumbi analobaki nalo fundi

Kuna gharama moja ambayo haiandikwi kwenye risiti. Granaiti, zege na hasa kwatsi zina madini ya silika. Jiwe likikatwa kwa mashine likiwa kavu, silika hutoka kama vumbi jembamba lisiloonekana kwa macho, ambalo hufika ndani kabisa ya mapafu na kuacha makovu. Ugonjwa huo huitwa silikosisi. Hauna tiba, na humweka mgonjwa katika hatari zaidi ya kuambukizwa kifua kikuu.

Migori inalifahamu vumbi la aina hii. Wachimbaji wadogo wa dhahabu katika eneo la Nyatike husaga mawe yenye silika nyingi. Isitoshe, Migori na Homa Bay ni miongoni mwa kaunti zenye viwango vya juu vya maambukizi ya HIV nchini, hali inayoongeza uzito wa tishio la kifua kikuu.

Mawe ya kiwandani ndiyo hatari zaidi, kwa kuwa mengi yamekuwa na silika inayozidi asilimia 90, ilhali granaiti kwa kawaida huwa na chini ya nusu. Baada ya vijana wengi wakataji kuugua, Australia ilipiga marufuku utengenezaji, uuzaji na uwekaji wa mawe hayo kuanzia Julai 1, 2024.

Kinga yake si ngumu. Jiwe likatwe huku maji yakimwagika juu ya msumeno, likatiwe karakana badala ya ndani ya nyumba, na mkataji avae barakoa maalumu ya vumbi inayobana uso. Kitambaa kilichofungwa puani hakitoshi. Vumbi lililotua liondolewe kwa maji, lisifagiliwe likiwa kavu. Vumbi la jiwe la Tabaka nalo halifai kuvutwa.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri kuwalinda wafanyakazi wake dhidi ya vumbi lenye madhara. Lakini fundi wengi wa mitaani hujiajiri, na mwenye kuamua kazi itafanywa vipi mara nyingi ni mwenye nyumba. Anayesisitiza jiwe likatwe kavu ukumbini ili kazi iishe jioni hiyo huwaweka fundi, na hata watoto wake mwenyewe, katika vumbi hilo.

Kabla ya kulipa

Wahenga walisema rahisi ghali, lakini ghali nacho si lazima kiwe bora. Mnunuzi aulize kama bei aliyotajiwa ni ya futi ya urefu au ya mita ya mraba, na kama inajumuisha ukataji, tundu la sinki, ulainishaji wa kingo, usafirishaji na uwekaji. Bei mbili zinazoonekana kutofautiana sana huenda zikawa moja baada ya kujumlisha yote hayo.

Vipimo vichukuliwe baada ya kabati au nguzo kukamilika, na sinki lenyewe liwe limeshanunuliwa. Fundi akadirie mahali pa maungio na kuyachora kabla jiwe halijakatwa.

Si lazima kaunta yote iwe ya kitu kimoja. Familia yenye fedha chache inaweza kuweka granaiti kando ya sinki na meko pekee, palipo na maji na moto, kisha itumie vigae au mbao kwingineko. Mwenye nyumba za kupangisha atanufaika zaidi na teraso au vigae vinavyoweza kurekebishwa mpangaji anapohama. Mwenye mkahawa wa samaki achague chuma.

Hatimaye, mnunuzi aombe kipande kilichobaki cha jiwe lilelile analokusudia kununua, hata kama kina ukubwa wa kiganja. Akifika nyumbani, akidondoshee maji ya ndimu upande mmoja na mafuta ya kula upande mwingine, akiache hadi asubuhi, kisha akipanguse. Aweke juu yake sufuria iliyotoka motoni. Akikwaruze kwa kisu.

Jiwe likivuka majaribio hayo, alipe. Lisipovuka, atakuwa amepoteza usiku mmoja na ndimu moja.